Jarida la ndani la kazini limenyamaza: lifufuliwe au lifungwe?

Ukurasa wa mbele bado unasema "Toleo lijalo: Machi", na Machi imeshapita mara mbili. Safu ya wahariri ina majina matatu: wawili waliacha kazi, wa tatu amehamishiwa idara nyingine na hajui kama bado anahesabika. Sanduku la baruapepe la jarida linaendelea kupokea matangazo ambayo hakuna anayeyasoma. Jarida la namna hii lina madhara zaidi kuliko lile lililofungwa kabisa, kwa sababu mfanyakazi mpya analikuta, anadhani ni taarifa halali, anafuata utaratibu wa likizo uliokwisha kubadilishwa, halafu anabishana na watu wa mishahara kwa nia njema kabisa.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyeachiwa jarida kama hilo mikononi, liwe la kuchapishwa, la PDF linalotumwa kwa baruapepe, au la kurasa za mtandao wa ndani. Ukiamua kufunga, kazi yote kuanzia ukaguzi hadi kuzima vyombo huchukua kama wiki 6 hadi 10 ukiifanya sambamba na majukumu mengine, bila kuhesabu siku 90 za mwisho za kujibu barua. Ukiamua kujaribu kulifufua, ongeza muda wa matoleo matatu.

Hatua ya 1: Pima ukimya kwa ratiba ya jarida lenyewe

Miezi minne bila toleo ni ukimya mzito kwa jarida la kila mwezi, lakini kwa jarida la robo mwaka ni toleo moja tu lililochelewa. Chukua muda lililoahidi kati ya toleo na toleo, zidisha mara 3. Likishapita hapo, lihesabu kuwa limelala.

Kisha andika kwenye karatasi matoleo 8 ya mwisho. Kwa kila moja weka tarehe ya kutoka, idadi ya makala, na idadi ya waandishi tofauti. Hesabu siku kati ya toleo na toleo. Ukipata mfululizo kama 31, 33, 40, 58, 95, jarida lilififia polepole: habari zilikuwa zinakauka au waandishi walikuwa wanachoka. Ukipata 30, 31, 30, 31 halafu kimya, kuna kitu kilikatika siku moja. Mara nyingi ni mhariri aliyeondoka bila kukabidhi, au idhini iliyokwama kwenye meza ya bosi mpya. Hali ya pili inaweza kuwa na tiba ya wiki moja, kwa hiyo usilifunge jarida kabla hujajua ni ipi kati ya hizo mbili.

Angalia pia majina. Mtu mmoja akiwa ameandika zaidi ya nusu ya makala za matoleo 8, hilo lilikuwa jarida la mtu mmoja, na uhai wake ulifungwa kwenye mkataba wake wa kazi. Dalili nyingine ni makala za kujazia: salamu za sikukuu, nukuu za hekima, ratiba zilizonakiliwa kutoka ubao wa matangazo. Zikizidi theluthi ya toleo, mhariri alikuwa hana la kuchapisha.

Hatua ya 2: Tafuta wasomaji, lakini usiamini idadi ya "waliofungua"

Kwa jarida linalotumwa kwa baruapepe, programu ya kutuma itakuonyesha asilimia ya waliofungua. Iangalie, halafu iweke pembeni. Hesabu hiyo hufanywa kwa kijipicha kisichoonekana ambacho hupakuliwa ujumbe unapofunguliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple humpa mtumiaji uwezo wa kuvipakua vijipicha hivyo mapema, hata kama ujumbe haujaguswa. Kwa upande mwingine, watu waliozuia picha husoma bila kuhesabiwa. Mibofyo ya viungo nayo hudanganya, kwani mifumo ya usalama ya ofisi nyingi huvifungua viungo vyote yenyewe kukagua kama vina sumu. Ukiona viungo vyote vya toleo vimebofywa na watu 40 ndani ya dakika ya kwanza, hao si watu.

Ushahidi wa maana uko kwingine. Fungua sanduku la jarida uhesabu barua zilizouliza "toleo liko wapi?" tangu liliponyamaza. Mwombe mtu wa TEHAMA orodha ya maneno yanayotafutwa kwenye mtandao wa ndani, uone kama jina la jarida limo. Kama linachapishwa, nenda kwenye rafu za mapokezi na chumba cha chai uhesabu nakala za toleo la mwisho zilizobaki.

Kisha zungumza na watu 12 hadi 15. Wachague kwa kuchanganya vyeo, idara na zamu, na hakikisha wamo wasiokaa mbele ya kompyuta: madereva, walinzi, watu wa ghala, wa usiku. Usiwaulize kama wanalipenda jarida, maana adabu itawajibia ndiyo. Waulize hivi:

- Mara ya mwisho ulisoma habari gani humo?
- Mwenzako akistaafu au akifiwa, unapataje kujua siku hizi?
- Utaratibu ukibadilika, unaupata wapi kwa maandishi?

Swali la kwanza ndilo linalotoa hukumu. Watu 15 wakikosa kukumbuka hata habari moja, ukimya wa jarida ulianza kabla halijaacha kutoka.

Hatua ya 3: Orodhesha kazi ambazo jarida lilikuwa linafanya

Hapa ndipo uamuzi unapotoka, kwa hiyo hapa ndipo pa kutumia muda. Umri wa jarida, uzuri wake na jinsi waanzilishi wanavyolipenda havikusaidii. Kinachosaidia ni kujua lilibeba mizigo gani na nani anaibeba sasa.

Pitia matoleo ya miaka miwili ya mwisho na upange makala kwa mafungu. Kwa kawaida utakuta haya: habari za watu (kuajiriwa, kupanda cheo, kustaafu, harusi, misiba), matangazo ya taratibu na sera, pongezi kwa kazi nzuri, ujuzi wa kazi, yaani maelezo ya jinsi tatizo fulani lilivyotatuliwa, sauti ya wafanyakazi kwa uongozi, na kumbukumbu ya historia ya taasisi. Mbele ya kila fungu andika moja ya majibu matatu: *linafanyika mahali rasmi*, *linafanyika mahali pasipo rasmi*, au *halifanyiki popote*.

Jibu la katikati ndilo la kuchunguza. Habari za misiba na harusi karibu kila mahali zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp, na kwa habari za namna hiyo kundi ni bora kuliko jarida, kwa sababu msiba hausubiri toleo la mwezi ujao. Lakini mafundi wakielezana kwenye kundi hilohilo jinsi ya kutibu hitilafu ya mashine, ujuzi huo unazama chini ya salamu za asubuhi. Aliyejiunga mwezi uliofuata kwa kawaida haoni yaliyoandikwa kabla yake. Fungu la ujuzi likiwa pasipo rasmi, lihesabu kama halifanyiki.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: taratibu ambazo ushahidi wake pekee wa maandishi ni makala ya jarida. Zitafute kwa kupekua matoleo yote kwa maneno kama "kuanzia tarehe", "utaratibu mpya", "ni lazima", "badala ya". Kwa kila moja utakayoipata, uliza kama kuna waraka wake wenye namba na sahihi. Kama haupo, mwenye utaratibu huo auandike kabla jarida halijafungwa. Ukisubiri hadi baadaye, utagundua pengo siku ya ukaguzi wa hesabu.

Sasa hesabu mafungu yaliyoandikwa "halifanyiki popote":

- Sifuri: funga.
- Moja: lipatie fungu hilo makazi mapya, kisha funga.
- Mawili au zaidi, na yupo mtu mwenye saa za kulifanyia kazi: nenda hatua ya 4.
- Mawili au zaidi, na hakuna mtu: funga vilevile, lakini andika pengo hilo kwenye taarifa kwa uongozi. Jarida lisilo na mhariri halizibi pengo, linalificha tu.

Hatua ya 4: Kama unataka kulifufua, anza na saa

Chukua jarida la kila mwezi lenye makala 6. Kuandika saa moja na nusu kila moja ni saa 9. Kuwakumbusha waandishi ambao hawajaleta, saa 3. Kuhariri, 4. Picha na maelezo yake, 2. Kupanga kurasa, 4. Kupeleka na kufuatilia idhini, 3. Jumla saa 25, ambazo ni zaidi ya siku tatu za kazi za saa nane, kila mwezi, bila kuhesabu toleo linaloharibika njiani. Weka namba hizi mbele ya mkuu wa idara na umwombe ataje jina la mtu na kazi atakayopunguziwa. Akijibu "tutasaidiana", umeshapata jibu lako.

Idhini nayo ipimwe. Hesabu siku kati ya makala kuwa tayari na makala kuruhusiwa, kwa matoleo manne ya mwisho. Ikiwa wastani ni siku 14 kwenye jarida la kila mwezi, habari zote zinatoka zimechacha, na hakuna mhariri atakayedumu. Dawa yake ni mwidhinishaji mmoja, siku 3 za kazi, na orodha fupi ya mambo yanayohitaji idhini: fedha, kesi, nidhamu, mikataba. Mengine mhariri aachiwe.

Jaribio liwe la matoleo matatu, yenye nusu ya kurasa za zamani, kwa ratiba ndefu zaidi ya ile ya mwanzo; lililokuwa la mwezi liwe la miezi miwili. Andika masharti kabla ya toleo la kwanza:

1. Kila toleo litoke ndani ya siku 2 za tarehe iliyotangazwa.
2. Kila toleo liwe na waandishi wanne au zaidi.
3. Kila toleo liwe na angalau makala moja iliyoletwa bila kuombwa.

Likishindwa masharti mawili kati ya matatu, linafungwa, na tarehe ya kufunga iwe imeandikwa tangu mwanzo. Sharti la tatu ndilo gumu na ndilo la kweli. Toleo la kwanza la ufufuo hujaa makala kwa sababu ya mori. La tatu ndilo hukuonyesha hali halisi. Usiongeze muda wa jaribio. Kila anayeongeza huishia na toleo la nne lenye makala mbili na salamu za mwaka mpya.

Hatua ya 5: Pata uamuzi wenye sahihi

Andika ukurasa mmoja tu: tarehe za matoleo ya mwisho, jedwali la mafungu, hesabu ya saa, pendekezo, na tarehe ya kufunga. Upeleke kwa yule ambaye bajeti yake inalipia jarida, maana mwanzilishi anaweza kuwa na mapenzi bila mamlaka. Kabla ya hapo zungumza na rasilimali watu, TEHAMA, masjala, na chama cha wafanyakazi kama kina safu humo kwa makubaliano.

Kagua mikataba: mchapaji anaweza kudai notisi ya miezi kadhaa, na tangazo lililolipiwa kwa matoleo ambayo hayatatoka ni deni. Kama jarida lina ISSN, ile namba ya kimataifa ya tarakimu 8 inayotambulisha majarida, kituo kilichoitoa kiarifiwe tarehe ya toleo la mwisho ili rekodi yake ifungwe. Namba hiyo haihamishiwi jarida jipya lenye jina tofauti.

Hatua ya 6: Toa toleo la mwisho

Hata kama ni ukurasa mmoja, litoke. Jarida likizimwa kimyakimya, watu huanza kutafuta sababu, na sababu wanazozipata ni za kupunguzwa kazi au kugombana kwa wakubwa. Tangazo lisiwe na machozi wala visingizio. Mfano:

> Hili ni toleo la mwisho la jarida letu. Kuanzia sasa, nafasi za kazi na uteuzi zitatangazwa kwenye mtandao wa ndani, ukurasa wa Rasilimali Watu. Taratibu mpya zitatolewa kwa waraka wenye namba. Maelezo ya kiufundi yatawekwa kwenye daftari la matengenezo la idara. Matoleo yote ya zamani yatapatikana masjala na kwenye folda ya Kumbukumbu. Anwani ya jarida itajibiwa kwa siku 90. Tunawashukuru wote walioandika, kuhariri na kusambaza.

Epuka "tunasitisha kwa muda" kama huna tarehe ya kurudi. Maneno hayo hukurudisha palepale ulipoanzia, ila safari hii na jina lako chini yake.

Hatua ya 7: Hifadhi matoleo ya zamani

Anza kwa kuorodhesha namba za matoleo yote na kuona yanayokosekana. Yaliyopotea kwenye seva mara nyingi yako kwenye droo ya mtu aliyepigwa picha humo; tangaza kwamba unayatafuta, utashangaa. Ya karatasi yaskaniwe kwa 300 dpi (nukta 300 kwa inchi) na kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, la sivyo utakuwa na picha zisizotafutika.

Nakala ya kuhifadhi iwe PDF/A, muundo uliosanifiwa kwa ajili ya kumbukumbu (ISO 19005, tangu 2005). Hulazimisha fonti zote ziwe ndani ya faili na hukataza kufunga faili kwa nenosiri, maana fonti kukosekana na nenosiri kusahaulika ndiyo hufanya faili za zamani zisifunguke vizuri baada ya miaka. Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: `2019-03-01_jarida_toleo-042.pdf`. Hapo kompyuta itayapanga yenyewe. Tengeneza faharasa ya jedwali moja: toleo, tarehe, kichwa cha makala, mwandishi, ukurasa. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo hakuna atakayepata kitu.

Weka nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na moja iwe nje ya jengo. Hifadhi pia orodha ya alama za SHA-256 za faili zote (alama ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yaliyomo kwenye faili, na hubadilika faili ikibadilika), ili miaka ijayo mtu aweze kuthibitisha kwamba hakuna faili iliyoharibika. Kisha mwombe mtu ambaye hakuhusika afungue matoleo matano kwa kubahatisha, kutoka kwenye nakala iliyo nje ya jengo. Hifadhi ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Sasa faragha. Majarida ya zamani yana namba za simu za nyumbani, taarifa za ugonjwa wa mtu, picha za watoto kwenye sherehe ya familia. Watu walikubali mambo hayo yasomwe na wenzao kwa mwezi mmoja. Kuyaweka yatafutike milele ni jambo lingine. Acha nakala kamili masjala kwa ruhusa maalumu, na kwenye folda ya wote weka nakala iliyozibwa sehemu hizo, ikionyesha wazi kwamba imezibwa. Na juu ya kila toleo la folda hiyo gonga maneno haya: *Kumbukumbu. Lisitumike kama mwongozo wa kazi.*

Hatua ya 8: Zima vyombo kwa mpangilio

Mpangilio una maana, kwa sababu anwani ya baruapepe ya jarida karibu kila mara ndiyo iliyotumika kujisajili kwenye programu ya kupanga kurasa, hifadhi ya picha na huduma ya kutuma. Ukiifunga kwanza, hutaweza kubadilisha nenosiri la hivyo vingine, na ada zitaendelea kukatwa huku ukibishana na huduma kwa wateja. Kwa hiyo:

1. Funga fomu za kujiunga na za maoni, ili kusiingie kitu kipya.
2. Toa faili kutoka kila huduma, kisha futa usajili wake mmoja mmoja na uhifadhi uthibitisho.
3. Elekeza anwani ya ukurasa wa zamani kwenye ukurasa wa kumbukumbu kwa uelekezaji wa kudumu, namba 301. Usiache wasomaji wakikutana na "haipatikani".
4. Ondoa jina la jarida kwenye kabrasha la wafanyakazi wapya, saini za baruapepe, ubao wa mapokezi, na kile kisanduku cha "leta habari yako hapa". Kifungue kwanza, huwa kuna kitu ndani.
5. Weka jibu la moja kwa moja kwenye anwani ya jarida kwa siku 90, likitaja mahali papya pa kila fungu.

Kama jarida lilikuwa na jina lake la kikoa (anwani yake ya mtandaoni) nje ya lile la ofisi, endelea kulilipia kwa miaka miwili au mitatu zaidi. Likiachwa liishe muda, mtu yeyote anaweza kulisajili, akapokea barua zinazotumwa kwenye anwani zake za zamani, na kuomba manenosiri mapya ya akaunti ulizosahau kuzifunga kwenye namba 2.

Siku ya 90, soma barua zote zilizoingia. Zigawe kwa mafungu yaleyale ya hatua ya 3. Fungu moja likiwa na barua nyingi kuliko mengine yote, makazi mapya uliyolipatia hayajulikani au hayafai. Rudi kwa mwenye fungu hilo na barua mkononi. Zikiwa mbili tatu za kutafuta picha ya zamani, zipeleke masjala, kisha ufunge sanduku.